Historia Fupi ya Baba, Kutoka Disketi Hadi Kundi la Ukoo

Baba yangu aliandika historia fupi ya marehemu akiwa na afya tele, na marehemu mwenyewe alikuwa yeye.

Kwetu Ukerewe, kama ilivyo sehemu nyingi, kabla jeneza halijashushwa mtu wa familia husimama na karatasi na kusoma: marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua lini, na mwishoni kabisa, ameacha mjane, watoto wangapi na wajukuu wangapi. Hapo kwenye watoto hata waliokuwa wanasinzia huamka. Ukihesabiwa pale, umehesabiwa mbele ya watu wote. Usipohesabiwa, huna mahali pa kwenda kukata rufaa.

Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi nje kidogo ya Nansio. Siku aliyomzika mwalimu mwenzake alirudi nyumbani amefura. Walikuwa wamesoma kwamba rafiki yake alipenda sana kuimba kwaya.

"Mtu hajawahi kuimba hata wimbo wa taifa kwa sauti!" alifoka. "Na madarasa aliyoyajenga kwa mikono yake hawakuyataja. Mimi hamtanisomea uongo. Nitaandika mwenyewe."

Mimi wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Mwanza, ofisi yenye kompyuta mbili, zote zikifunikwa vitambaa vya kufuma kila jioni. Nilikuwa pia mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani ataifanya kazi hiyo. Kuwa wa kwanza kati ya watoto watano ni cheo. Wadogo zangu waliniamkia, nyama niligawa mimi, na baba akiwa na jambo zito aliniita mimi. Sifichi, cheo hicho nilikipenda.

Toleo la kwanza nililichapa saa ya chakula cha mchana, bosi akiwa ametoka, nikalihifadhi kwenye disketi. Kwa ambao hawakuziwahi, disketi ilikuwa kibapa cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye kifuniko kidogo cha bati ambacho ukikisukuma kinateleza, ukikiachia kinajirudisha kwa mlio. Wadogo zangu walikichezea mpaka nikawachapa vikofi. Picha moja tu unayopiga leo kwa simu isingeenea humo, lakini maisha ya baba yalienea yote, kurasa tatu, na nafasi ikabaki. Jambo hilo lilimkera kidogo.

"Miaka yangu yote hii, na bado kuna nafasi?"

Nyumbani hatukuwa na kompyuta, wala umeme. Hilo halikumsumbua. Aliifunga disketi kwenye leso, akaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyake na dawa ya nondo. Nilikuwa nimemwambia kwamba sumaku huiharibu disketi, na spika ya redio ina sumaku, kwa hiyo redio ikahamishiwa chumba kingine. Karatasi niliyomchapia aliisoma kwa sauti mbele yetu sote Jumapili baada ya misa, akisahihisha kwa kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi. Alipofika "ameacha mjane na watoto watano", mama aliinuka akaenda kuangalia chungu. Nilidhani hapendi kuitwa mjane.

Disketi ilikaa sandukuni miaka kadhaa bila kumsumbua mtu. Alipostaafu akaniletea mjini niongeze habari za kustaafu. Niliichomeka, kompyuta ikakoroma, ikakoroma tena, kisha ikauliza kama ningependa ifute kila kitu kwanza. Unyevu wa kisiwani ulikuwa umeingia ndani, ukungu umetanda. Dawa ya nondo iliwazuia nondo tu.

"Kwa hiyo sipo?" baba aliuliza.

"Upo, baba. Tunaandika upya."

Toleo la pili likaenda kwenye CD. Nilikuwa nimeshafungua steshenari yangu Nyegezi, kati ya stendi ya mabasi na chuo, nikichapa tasnifu za wanafunzi na kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Nilimhakikishia baba kwamba hii sasa ndiyo yenyewe, haina sumaku, haiogopi redio, itadumu kutuzidi sote. Akajitazama uso kwenye CD, akachana ndevu kidogo, akaridhika. Aliisoma tena kwa sauti nilipokwenda Krismasi, na mama akainuka tena pale pale, safari hii kufukuza kuku ambao sikuwaona.

Mwaka uliofuata nilikuta CD ya baba inaning'inia kwenye kijiti katikati ya jaruba la mpunga. Ilikuwa imefungwa kwa uzi wa nyavu, inazunguka na upepo wa ziwani na kumulika huku na huku.

"Ndege walikuwa wanamaliza mpunga," mama alisema bila kuona haya. "Katika vitu vya baba yako, hicho ndicho kilichong'aa."

Baba hakula jioni ile. Mpunga ulipona, lazima niseme ukweli.

Baada ya hapo ikaja flashi. Baba aliivaa shingoni kwa kamba, pamoja na rozari, na kanisani watu wakadhani amejiunga na chama kipya cha kitume. Ndani ya flashi kulikuwa na nafasi ya kuwatosha walimu wote wa Ukerewe, walio hai na waliokufa. Lakini aliipeleka kuchapishiwa nakala kwenye kibanda fulani, ikarudi na virusi vya aina ile inayogeuza kila faili kuwa kialama chenye mshale. Unabofya, hakuna kitu. Niliisafisha huku nikimsema, nikalirudisha faili, maana nakala nilikuwa nayo dukani. Ikafuata memori kadi, ndogo kama ukucha, ambayo mdogo wangu wa mwisho aliichomeka kwenye redio ya baba ili mzee apate na nyimbo. Jirani akaiazima kwa ajili ya harusi. Ikarudi imejaa nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho, na baba hayumo.

Unaona basi kwamba, ukiacha CD, kila chombo kilichokuja kilikuwa kidogo kuliko kilichotangulia, kikabeba zaidi, na kikampoteza baba kwa njia yake. Yeye hakukata tamaa. Kila mara alirudi na mjukuu mpya wa kuongeza.

Kisha mdogo wangu yule yule wa mwisho akawanunulia wazazi simu. Baba akapata simu ya kupangusa, akaingizwa kwenye kundi la ukoo, akawa anasahihisha tahajia za watu. Mama akasema yeye kitochi chake cha vitufe kinamtosha. Kitochi kile kilikuwa cha tatu au cha nne, lakini laini ilikuwa ile ile tangu simu yake ya kwanza. Akibadilisha simu anaitoa mwenyewe kwa kucha na kuichomeka kwenye simu mpya, na namba zake zote zinahama naye. Alikifunga kwenye pindo la khanga, na hakuruhusu mtu akiguse, hata kumtafutia namba.

Siku baba alipokuja Mwanza kupima macho, akapitia dukani kwangu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka fimbo kati ya magoti.

"Fungua faili langu," akasema. "Nenda mwisho. Andika, ameacha mjane na watoto sita."

"Watano, baba."

"Sita."

Nilidhani ni uzee. Nikaanza kututaja kwa vidole, kwa upole, kama unavyomsaidia mgonjwa. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Yuko hapo Mkolani. Ni fundi cherehani. Kabla sijamwoa mama yako nilipangiwa kufundisha upande wa Majita. Mimi na mama yake tulitaka kuoana, wazee wakakataa. Mtoto akalelewa na bibi yake."

"Kabla ya mama. Kwa hiyo ni mkubwa kwangu."

"Kwa miaka minne."

Mwanafunzi mmoja alikuwa anasubiri tasnifu yake ifungwe jalada. Nilimwambia arudi kesho. Mkolani! Kutoka dukani kwangu ni kituo kimoja au viwili vya basi. Huenda nilishamtolea kopi huyo mtu, nikamrudishia chenji na kumwambia karibu tena.

"Mama anajua?"

"Hajui. Sijawahi kupata pa kuanzia."

"Na huyo wa Mkolani anajua?"

"Ananijua. Nimemtembelea mara chache. Hajawahi kukanyaga nyumbani." Akatazama fimbo yake. "Sitaki afike kaburini kwangu asikie watano. Hilo tu."

Nilikasirika, na nikamwambia. Nilimwambia kwamba ameona atangaze akiwa ndani ya sanduku, ambapo hakuna wa kumwuliza kitu, na sisi ndio tubaki na mama na maswali. Lakini hasira hiyo ilikuwa nusu tu ya kilichokuwemo moyoni. Nusu nyingine ilikuwa wivu, wivu wa kitoto kabisa, nikiwa na wajukuu wangu wawili. Maisha yangu yote nimekuwa wa kwanza, halafu mzee anakaa kwenye kiti cha wateja na kunishusha cheo kwa neno moja.

Niliandika sita. Kisha nikalificha faili ndani ya folda la risiti za zamani, na kwa miezi kadhaa nikawa nampiga chenga. Akipiga simu, "Nitumie niipitie," namwambia mtandao unasumbua. Nilipopita Mkolani kwenye basi niligeuka kutazama kila kibaraza chenye cherehani. Sikushuka hata mara moja, na naona aibu kuliandika hili.

Mwishowe nilichoka kudanganya. Ijumaa moja nikamtumia faili kwenye simu. Kesho yake, saa moja asubuhi, akalirudisha, na maneno aliyoyaweka juu yake yalikuwa haya: "Isomwe kama ilivyo." Ila hakulirudisha kwangu. Kundi la ukoo ndilo lililokuwa juu kabisa kwenye simu yake, akabonyeza hapo.

Watu zaidi ya themanini wakafungua kwa mkupuo karatasi yenye kichwa HISTORIA FUPI YA MAREHEMU, yenye jina la baba na nukta nukta pale penye tarehe ya kufariki. Kwamba imetoka kwenye simu yake mwenyewe hakuna aliyejali, wakadhani mmoja wa wanawe ameishika. Nukta nukta wakadhani ni majonzi. Poleni zikaanza kumiminika, na mishumaa, na mikono iliyokunjwa. Dakika kumi baadaye kulikuwa na kamati ya mazishi, mwenyekiti na mweka hazina.

Niliandika kwa herufi kubwa: BABA YUKO HAI.

"Ni kweli, mwanangu," akajibu shangazi, dada yake baba. "Yuko hai mioyoni mwetu. Jikaze."

Nikapiga simu ya baba, imezimwa. Huwa anaizima akienda shamba, asimalize chaji. Kitochi cha mama kiliita, hakikupokelewa. Nikafunga duka, nikakimbilia bandarini kuwahi meli ya asubuhi.

Ndani ya meli nilikuta ukoo mzima umeshatangulia, na khanga za msiba, na masufuria, na mchele. Shangazi akanikalisha karibu yake na kunishika mkono. Kila nilipofungua kinywa kueleza, alinibembeleza. "Ukifika utaamini," alisema. Tulipokaribia Nansio nilikuwa naanza kulia na mimi, nikijiuliza kama labda kweli, usiku, na hawakutaka kunishtua.

Kilichonitisha zaidi sikukisema. Wote walikuwa wamesoma mpaka mwisho. Niliona wanavyonong'ona. Mjomba mmoja aliniuliza, kwa adabu sana, kama sita ile ni makosa ya uchapaji. Nikamwambia sijui, mimi niliyeichapa.

Akina mama walianza kulia tangu njia panda, kama inavyotakiwa. Tukaingia uani tukilia. Baba alikuwa amekaa chini ya upenu, miguu ina udongo wa shamba, sahani ya viazi vitamu mapajani. Kilio kilikatika katikati ya neno.

Baba akasimama, akavua kofia.

"Nani amekufa?" akauliza.

Shangazi alimpiga. Kweli kabisa, alimpiga kwa kipochi, mara mbili, akilia na kucheka, na watu wakaangua vicheko mpaka wengine wakakaa chini. Vijana waliokuja na majembe walijificha nyuma ya nyumba. Baba alipowashiwa simu na kuonyeshwa alichokifanya, alisoma polepole, akashuka hadi chini kabisa, akafika kwenye sita. Akainua macho kumtafuta mama.

Mama alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele uliokuja na msiba. Jirani ndiye aliyeniambia jinsi asubuhi ilivyokwenda. Yeye alikuwa ametumiwa karatasi ile kwenye simu, akaja mbio analia, akamsomea mama historia nzima kwa sauti hapo hapo uani, watoto sita na yote, mama akiwa amesimama na ndoo ya maji. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mbona mzee yuko shambani anachimba viazi." Akatua ndoo, akaingia ndani na kitochi chake, akakaa kidogo, akatoka.

Sasa watu sabini walikuwa wanakula wali wa matanga ya mtu aliyekuwa anakula nao, na hakuna aliyethubutu kukaa karibu na mama. Mimi nilizunguka na sahani. Baba hakugusa chakula. Mtu aliyeongoza shule miaka yote ile alikaa kama mtoto anayesubiri kuitwa ofisini, na nikamwonea huruma hadi hasira yangu yote ikaisha.

Meli ya mchana ilipofika, watu wachache wa mwisho wakaja. Nyuma yao alikuwa mwanamke mmoja peke yake, kavaa kitenge kilichoshonwa vizuri mno, ameshika mfuko mdogo. Alisimama nje ya uzio. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na paji la uso la baba, na anasimama kama baba, mguu mmoja mbele, kama mtu anayetaka kuanza kipindi.

Nikamwendea, maana hakuna mwingine aliyeinuka.

"Karibu," nikasema. "Umesikia msiba? Msiba haupo. Ilikuwa makosa."

"Najua," akasema. "Mama wa hapa amenipigia asubuhi. Amesema mzee ni mzima, nije nimwone akiwa mzima."

Baba alikuwa amesimama. Mwanamke yule akaingia, akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Mwite baba," mama akasema kutoka kwenye mkeka, bila kuinua macho. "Hapa ni kwenu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba akasema. "Marahaba, mwanangu." Na akalia mbele ya ukoo wote, kwa sauti, kofia mkononi. Kisha akamgeukia mama. "Ulijua?"

"Nilijua kabla hujanivisha pete. Nilikuwa nasubiri uhesabu vizuri."

Shangazi ndiye aliyetuokoa, kwa kelele zake. Akataka mgeni aingizwe kwenye kundi la ukoo sasa hivi, asije akakosa habari za msiba wa kweli. Akaniamuru mimi, mtu wa kompyuta, niandike namba. Dada yangu, naona niseme dada yangu, akawa anahangaika kutafuta simu mfukoni.

"Namba yake iko hapa," mama akasema. Akafungua pindo la khanga, akanipa kitochi. Ilikuwa mara ya kwanza kukishika.

Nikafungua majina. Mama hakutuandika kwa majina sisi watoto wake. Alituandika kwa tarakimu, na kitochi kikatupanga juu ya watu wengine wote. Nikabonyeza moja, nikitegemea kuona namba yangu. Haikuwa yangu. Nikateremka. Mimi nilikuwa mbili. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa tatu, na hivyo hivyo hadi yule wa mwisho, ambaye alikuwa sita.

"Mama," nikasema, "umetuandika hivi tangu lini?"

"Tangu simu ya kwanza," akasema, akinyoosha mkono. "Ukimaliza rudisha, chaji inakwisha."